Sidney Poitier, mtoto wa mama aliyeponda mawe



Juma hili tunawaletea maisha ya mtu wa sinema. Wengine kati yenu watauliza: sinema ni jambo la vijana, linatuhusu nini sisi tunaotafuta chakula cha jioni? Lakini katika vikundi vyetu neno moja linarudi mara kwa mara siku hizi: watoto wetu wanataka kujulikana. Huyu anataka kuwa mwimbaji, yule anataka kucheza katika filme, mwingine anajipiga picha na simu mchana kutwa na kuhesabu watu waliomtazama. Tunawagombeza, ao tunawacheka, ao tunanyamaza tu kwa sababu tumechoka.

Kwa hiyo tumechagua mtu aliyejulikana dunia nzima, kiisha katika uzee wake akakaa chini na kupima mambo yote: kazi yake, sifa zake na nyumba yake. Jina lake ni Sidney Poitier. Alikufa tarehe 6 Januari 2022, akiwa na miaka 94. Aliacha vitabu vitatu juu ya maisha yake. Kile cha mwaka 2000 alikiita The Measure of a Man, maana yake kipimo cha mwanaume. Cha mwaka 2008 alikiandika kama barua kwa binti wa mjukuu wake, mtoto ambaye alikuwa bado mdogo sana na hangeweza kusoma. Alijua kama hatamwona akikomaa, ndiyo maana akamwandikia mapema.

Wamama, katika maisha ya mtu huyu kuna mambo ya sinema na kuna mambo ya nyumba. Sisi tutafuata zaidi yale ya nyumba.

Mama Evelyn

Wazazi wake, Reginald na Evelyn, walikuwa wakulima wa tomati katika kisiwa kidogo kinachoitwa Cat Island, katika visiwa vya Bahamas, karibu na Marekani. Wakati ule Waingereza ndio walitawala huko. Hapakuwa na umeme wala bomba la maji. Walivuna tomati na kuzipeleka kwa mashua hadi Miami, Marekani, ili kuziuza. Katika safari moja ya namna hiyo mama alikuwa na mimba, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati, tarehe 20 Februari 1927.

Alikuwa mdogo sana. Baba alikuwa amekwisha kuzika watoto wengine, naye akaona huyu pia hataishi. Akaenda kutafuta kisanduku cha kumzikia. Mama Evelyn akakataa. Akatoka akaenda kwa mwanamke mmoja mtabiri, na yule mwanamke akamwambia mtoto ataishi na jina lake litafika mbali. Mama akarudi, akaamuru kile kisanduku kiondolewe nyumbani.

Hatuandiki hilo ili mwende kwa watabiri. Katika inchi yetu tumeona namna maneno ya watu kama hao yalivyovunja nyumba, na watoto wengi wamefukuzwa wakalala barabarani kwa sababu mtu fulani alisema ni wachawi. Tunaandika kwa sababu ya mama mwenyewe. Kisanduku kilikuwa kimekwisha kuwa tayari, naye akasema mtoto wangu bado.

Sidney alipokuwa na miaka kama kumi, Florida ilifunga mlango kwa tomati za Bahamas. Biashara ya jamaa ikafa, wakahamia mji wa Nassau. Huko umaskini ulikuwa mkali kuliko wa kijijini, maana kijijini mtu analima na kuvua samaki, lakini mjini kila kitu kinataka feza. Mama Evelyn aliwashonea watoto nguo kwa magunia ya unga. Alikusanya mawe, akakaa chini, akayaponda kwa nyundo mpaka yakawa kokoto, akauza kwa watu wanaojenga.

Wamama wa Goma, wa Bukavu, wa Lubumbashi, kazi hiyo hatuna haja ya kuwaeleza. Mnajua namna vumbi linavyoingia machoni, namna kidole kinavyopondwa, na siku ngapi zinapita mbele lundo halijapata mnunuzi. Mtoto wa kazi hiyo ndiye baadaye alisimama mbele ya wafalme. Naye katika vitabu vyake hakumficha mama yake wala ile nyundo. Alimweleza kama mwanamke wa maneno machache, mwenye haya mbele ya watu, ambaye watoto walisoma moyo wake kwa kutazama mikono yake.

Kutumwa kwa kaka

Huko Nassau Sidney alianza kufuata vijana wenye mambo mabaya. Baba aliogopa gereza litamchukua. Alipokuwa na miaka 15, akampakiza katika mashua kwenda Miami kwa kaka yake mkubwa. Akamtia dola tatu mkononi.

Jambo hilo pia ni letu. Nyumba ngapi kati yetu zimetuma mtoto kwa mkubwa wake, kwa mjomba, kwa shangazi, huko Kinshasa, Kolwezi ao Kampala, tukisema atanyooka huko? Sisi tunaofundisha tunawaona upande wa pili: mtoto anafika darasani katikati ya mwaka, hajui lugha ya mji, hajui nani atamlipia minervali, na haoni mtu wa kumwambia kwamba analia usiku.

Miami ilimpokea vibaya. Wakati ule huko Kusini mwa Marekani kulikuwa na sheria za kutenga watu weusi. Alipewa kazi ya kupeleka mizigo nyumbani kwa wateja. Siku moja alipeleka mzigo kwa mlango wa mbele wa nyumba ya mama mmoja mzungu, naye akamfukuza aende mlango wa nyuma. Kijana hakuelewa sababu, maana kwao kisiwani karibu watu wote walikuwa weusi, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuwa yeye ni mtu wa mlango wa nyuma. Akaacha mzigo pale pale akaondoka. Siku chache kiisha, watu wa Ku Klux Klan, kile kikundi kilichowatesa na kuwaua watu weusi, walifika usiku kwa nyumba ya kaka yake wakimtafuta.

Baadaye akakimbilia New York, akiwa na miaka 16 tu. Aliosha sahani katika hoteli na vyumba vya chakula. Usiku alilala juu ya paa za nyumba, na baridi ilipofika akaingia jeshini kwa kudanganya miaka yake.

Mzee aliyemfundisha kusoma

Siku moja aliona katika gazeti tangazo kwamba kikundi cha michezo ya jukwaani cha watu weusi, American Negro Theatre, kinatafuta waigizaji. Akaenda. Wakampa karatasi asome. Masomo yake yalikuwa machache sana, hakuweza kusoma vizuri, na sauti yake ilikuwa ya kisiwani. Yule aliyempima akamnyang'anya karatasi, akamsukuma nje, akamwambia aende akatafute kazi ya kuosha sahani.

Poitier alieleza kama neno hilo lilimchoma kwa sababu hakuwa amemwambia mtu yule kazi yake. Akajiuliza, ameona nini usoni pangu? Akaamua atarudi, hata kama ni kwa kumwonyesha tu kwamba alikosea.

Akanunua radio. Miezi kama sita alikaa akisikiliza watangazaji na kurudia maneno yao mpaka sauti yake ikabadilika. Kuhusu kusoma, alisaidiwa na mtu mmoja. Katika chumba cha chakula alimoosha sahani mlikuwa na mzee mmoja Myahudi, mwenye kazi ya kupeleka chakula kwa meza za wateja. Usiku mmoja, kazi ilipokwisha, yule mzee alimkuta na gazeti mkononi, akamwuliza kuna habari gani. Kijana akasema ukweli: hajui kusoma vizuri. Mzee akaketi karibu naye. Tangu siku ile, kila usiku, juma kwa juma, akamsomesha neno kwa neno, na kumweleza alama za kituo, ni kwa nini mtu anasimama hapa na kuendelea pale.

Poitier alipokuwa mzee wa miaka 86, katika mahojiano ya televizyo alikumbuka mambo hayo na machozi yakamtoka. Alipata sifa zote, lakini hakumwona tena yule mzee ili amwambie asante.

Wamama mnaohudhuria madarasa ya wakubwa ya kusoma na kuandika, chukueni neno hili. Aliyepewa tuzo kubwa kuliko zote za sinema alisoma akiwa kijana mkubwa, usiku, akiwa amechoka kama ninyi mnavyochoka. Na ninyi mnaojua kusoma, yule mzee hakuwa mwalimu wa diploma. Alikuwa mfanyakazi aliyetoa saa moja ya usingizi wake. Katika kila kikundi chetu kuna mtu anayeweza kutoa saa kama hiyo.

Aliporudi kwa kile kikundi, bado hawakumtaka sana. Akawaambia atafagia nyumba yao bila malipo, mradi wamruhusu kujifunza pamoja na wengine. Wakakubali. Ndivyo alivyoingia katika kazi hiyo: kwa ufagio. Watoto wetu wanaotaka kujulikana kesho asubuhi waambiwe habari ya ufagio huo.

Miaka minane bila barua

Sasa tunafika pahali ambapo tunataka mkae kidogo.

Tangu alipoondoka Nassau, Sidney alikaa karibu miaka minane bila kuonana na wazazi wake, na karibu muda wote huo hakuwaandikia. Mama Evelyn hakujua kama mtoto wake ni mzima ao amekufa. Si kwamba Sidney aliwachukia. Alieleza mwenyewe: mtoto aliyekwenda Marekani alitazamiwa kutuma feza. Yeye hakuwa na feza. Kila alipofikiri kuandika, aliona haya kupeleka bahasha isiyo na kitu ndani. Akasema nitaandika nikipata. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na haya ikaongezeka, maana sasa angeeleza namna gani kukaa kimya muda wote huo?

Wamama, kati yetu wako wengi ambao mtoto amekwenda machimboni, ao mjini, ao ngambo, na simu yake haiiti tena. Tunasema amekuwa mkaidi, amesahau titi alilonyonya, amelogwa na mwanamke wa huko. Inawezekana. Lakini inawezekana vilevile kwamba anaona haya. Tukumbuke simu za mwisho tulizompigia. Tulianza na neno gani? Tulimwuliza amekula nini, analala wapi, ao tulianza na mabati ya nyumba, minervali ya wadogo na feza ya kulipa likelemba? Hatusemi mtoto asisaidie wazazi. Shida zetu ni za kweli, na mtoto mkubwa ana deni kwa nyumba. Lakini mtoto anayeamini kwamba anapokelewa tu akiwa na kitu, siku akikosa kitu atanyamaza. Na siku akiwa mgonjwa, ao ameingia katika shimo baya, atanyamaza vilevile.

Mwaka 1950 Poitier alitokea katika filme yake kubwa ya kwanza, No Way Out, akicheza kama mganga kijana mweusi katika hospitali. Alipopata malipo, akarudi Nassau. Aliwakuta wazazi wake wazima, katika umaskini uleule, akawapa feza. Kuwaona wazima kulikuwa neema, maana miaka minane ni mingi na wazazi wanakufa. Wengine wanarudi na mfuko umejaa, wanakuta kaburi limeota majani.

Filme hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza ambayo wazazi wake waliiona katika maisha yao. Ndani yake kuna pahali ambapo mzungu mwenye chuki anampiga yule mganga kijana kwa bastola. Mama Evelyn, yule mwanamke wa haya na maneno machache, akasimama katikati ya watu, akapiga kelele akimwambia mwanawe amrudishie. Hakujua sinema ni nini. Alijua tu kwamba mtoto wake anapigwa. Poitier alipenda kusimulia jambo hilo kwa kucheka. Sisi tunadhani alilisimulia pia kwa sababu ya furaha ya kuona kwamba miaka minane haikumwondolea mama.

Kazi aliyokataa

Kujulikana hakukuja mara moja. Miaka ile bado aliosha sahani kati ya filme moja na nyingine. Alikuwa ameoa, ana binti, na bibi yake Juanita alikuwa na mimba nyingine. Hapo akaitwa kucheza katika filme moja iliyotoka mwaka 1955, The Phenix City Story, kwa malipo ya dola 750 kwa juma. Kwa mtu asiyejua atalipa hospitali namna gani, hizo zilikuwa feza nyingi.

Alipewa sehemu ya mfagiaji aliyeona waovu wakitenda mabaya. Ili kumfunga mdomo, wanamwua binti yake mdogo na kutupa maiti mbele ya nyumba. Na yule baba hafanyi kitu. Hapigani, hasemi, ananyamaza tu.

Poitier akasoma, akakataa. Yule aliyemtafutia kazi, bwana Martin Baum, alishangaa. Akamwuliza kama ni kwa sababu ya rangi. Akasema hapana. Hakuweza kueleza vizuri siku ile. Baadaye alieleza kwamba alimfikiri baba yake Reginald. Baba yake alikuwa maskini, lakini kama mtu angemgusa mtoto wake, hangenyamaza kamwe. Kucheza baba wa namna ile mbele ya macho ya dunia, kwake ilikuwa kumsema vibaya baba yake.

Kiisha kukataa, alikwenda kuweka vyombo vya nyumba yake rehani, akakopa dola 75 ili alipe hospitali, na binti wa pili akazaliwa. Na yule bwana Baum, alipoona mtu anakataa feza wakati ana njaa, alisema mtu wa namna hii anataka kufanya kazi naye. Walikaa pamoja miaka mingi sana.

Angalieni vizuri, wamama. Wakati Reginald alipokuwa akirudi shambani na matope miguuni, hakujua anamfundisha mtoto kitu cha kusema mbele ya matajiri wa sinema. Hakumpa mali. Alimpa kipimo. Ndicho Poitier alikitaja katika jina la kitabu chake: baba yake aliamini kwamba mwanaume anapimwa kwa namna anavyotunza watoto wake. Siku feza ya haraka ilipofika, kijana alikuwa na kitu cha kuipimia.

Watoto wetu wataitiwa feza ya haraka. Binti ataambiwa ajipige picha fulani ndipo ajulikane. Kijana ataambiwa aimbe matusi kwa sababu ndiyo yanauzwa. Hatutakuwa pale wakati wa kujibu. Kitakachokuwa pale ni kile walichoona nyumbani.

Sifa zilipofika

Tutapita hapa haraka, maana mambo haya yanajulikana. Tarehe 13 Aprili 1964 Sidney Poitier alipewa tuzo ya Oscar kwa filme Lilies of the Field. Mwanaume mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji mkuu ni yeye. Mwaka 1967 filme zake tatu zilitoka kwa mwaka mmoja, na moja kati yazo, To Sir, with Love, ni habari ya mwalimu mweusi huko London anayepewa darasa la vijana wakaidi. Sisi walimu tunaipenda kwa sababu yule mwalimu anashinda kwa kuwapa heshima wale wasioheshimiwa na mtu.

Lakini mwaka uleule wa sifa, wengine katika watu weusi wenzake walianza kumsema. Walisema anacheza siku zote mtu mpole, msafi, anayewapendeza wazungu. Gazeti kubwa la New York liliandika hivyo. Aliumia sana. Wale waliompigia makofi jana, leo walimwuliza kwa nini. Sifa ndivyo zilivyo: zinatolewa na watu wengine, na watu wengine wanaweza kuzichukua tena.

Nyumba yake mwenyewe

Tungeweza kumaliza hapo, na mngesema huyu ni mtu mwema, basi. Lakini yeye mwenyewe hakumalizia hapo katika vitabu vyake, na sisi hatutaficha.

Mtu huyu aliyekataa kucheza baba asiyelinda binti yake, alivunja nyumba ya mabinti wake. Alipokuwa anajulikana, alipendana na mwigizaji mwenzake. Jambo hilo lilichukua karibu miaka tisa. Yeye na Juanita walikuwa na mabinti wanne, na waliachana mwaka 1965. Na yule mwigizaji hawakuoana. Mwaka 1976 akamwoa Joanna Shimkus, ambaye alikuwa amezaa naye mabinti wawili, na walikaa pamoja mpaka kifo chake.

Aliandika wazi kama alibeba hatia miaka mingi. Alikwenda hata kwa mganga wa mambo ya moyo na mawazo, akazungumza naye miaka, ili aelewe. Kilichomwumiza kilikuwa kile kipimo cha baba yake. Reginald, katika umaskini wote, alikaa. Yeye, katika utajiri, aliwaacha watoto wakimngoja. Nyumba kubwa, masomo mazuri, nguo, vyote walikuwa navyo, lakini alijua kwamba hakuna kati ya hivyo kinachojibu mtoto anayeuliza baba analala wapi.

Hatumhukumu, wala hatusemi yalikuwa mambo madogo. Mama Juanita ndiye aliyelea wale wanne pale baba alipokuwa akizunguka dunia kwa kazi, na magazeti hayakumpa tuzo. Katika vikundi vyetu wako wengi kama yeye. Tuseme jina lake leo.

Jambo tunaloweza kumsifia Poitier ni kwamba hakuwakimbia mabinti wake kwa sababu ya haya, kama alivyowakimbia wazazi wake alipokuwa kijana. Alikuwa amekwisha kujifunza kwamba kunyamaza kunaongeza deni. Aliendelea kuwatafuta, na alitaka mabinti wote sita wajuane kama ndugu. Katika uzee wake alifanya kazi nyingine za heshima: tangu mwaka 1997 mpaka 2007 alikuwa balozi wa Bahamas huko Japani, na mwaka 2009 rais wa Marekani akampa nishani kubwa. Lakini kitabu chake cha mwisho juu ya maisha yake hakikuwa cha balozi wala cha mtu wa sinema. Kilikuwa cha babu anayemwandikia mtoto mdogo, ili mtoto huyo asikose barua.

Tufanye nini juma hili

Tunapendekeza mambo matatu, madogo, ambayo hayataki feza.

La kwanza: kama una mtoto aliye mbali na amenyamaza, mtumie neno lisiloomba kitu. Mwambie sisi wazima, tunataka tu kusikia sauti yako. Usiongeze kitu nyuma. Kama hajibu, rudia juma lijalo.

La pili: kama mtoto wako anataka kuimba ao kucheza, usimcheke na usimpigie makofi ya bure. Mwulize anajifunza kwa nani, anasoma nini, na yuko tayari kufagia pahali gani. Akikosa jibu, mtafute pamoja.

La tatu: wale ambao bwana yuko mbali kwa kazi, msaidieni azungumze na watoto kwa simu, hata dakika chache, hata kama hajatuma kitu juma hilo. Mtoto ajue kwamba baba anaweza kuita bila feza.

Na haya ni maulizo ya kuzungumza katika kikundi:

1. Mtoto anapoondoka nyumbani, tunampa maneno gani ya safari? Kati ya maneno hayo, ni mangapi yanayohusu feza?
2. Reginald alimpa Sidney kipimo bila kujua. Watoto wetu wanatuona tukikataa nini?
3. Tumepokea mtoto wa ndugu nyumbani? Nani anamwuliza habari zake za usiku?
4. Kati yetu nani anaweza kutoa saa moja kwa juma ili kumfundisha mwenzake kusoma?

Karani wa kila kikundi aandike majibu, hata kwa mistari michache, tuyasome pamoja katika mkutano wa mwezi.

Kazi njema, wamama. Tutaonana juma lijalo katika ukurasa huu.